Yenye au Lenye? Mwalimu Anayeifundisha Kompyuta Kuchambua Kiingereza

Saa mbili na robo asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anachora mti. Shina analiweka juu kabisa ya karatasi. Anateremsha matawi mawili, kila tawi analigawa tena, mpaka chini kabisa yananing'inia maneno tisa ya Kiingereza, kila neno kwenye kitawi chake.

Anautazama, anakunja uso. Kando yake anachora mwingine. Maneno ni yaleyale, yamepangwa vilevile, ila matawi yameshikana kwingine.

"Yote miwili ni sahihi," ananong'ona. "Hapo ndipo ugonjwa ulipo."

Sentensi yenyewe imetoka kwenye mwongozo wa jokofu la kuhifadhia chanjo. Inamtaka fundi atoe na kutupa mipira chakavu na skrubu za mlango. Swali lake ni dogo: kilichochakaa ni mipira peke yake, au na skrubu pia? Fundi mmoja atatupa skrubu zilizochakaa tu. Mwingine atatupa zote, hata nzima, kisha aanze kutafuta nyingine.

Hanong'oni kwa sababu ana siri. Hiyo ndiyo sauti iliyobaki. Anayetaka kuzungumza naye husogeza kiti, na mwandishi wa makala haya alisogeza chake mara tatu kabla ya kusikia vizuri.

Mtaani wanamwita Mama Miti. Jirani yake aliposikia kwamba mchana kutwa anachora miti, alimletea mche wa mlimao ulionyauka autibu.

"Nikamwambia, mimi miti yangu ina mizizi juu," anasimulia huku mabega yakitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Akaniambia, basi ndiyo maana inakauka."

Kazi yake ni kuandika kanuni za sarufi ya Kiingereza ambazo kompyuta inaweza kuzifuata. Ofisi ni ndogo, watu watano tu. Inapokea miongozo ya mashine iliyoandikwa kwa Kiingereza, programu yao inaichambua sentensi moja moja, kisha inatoa hatua za kufuata kwa Kiswahili. Wateja wao ni hospitali, viwanda vidogo na karakana.

Kanuni ya kwanza kwenye faili lao inasema kwamba sentensi ni kundi la nomino likifuatwa na kundi la kitenzi. Ya pili inaeleza kundi la nomino linaweza kuwa nini. Zinaendelea hivyo, moja ikiishikilia nyingine. Alipoanza kazi zilikuwa mia mbili na kitu. Leo ni 1,286, na zaidi ya nusu ameziandika yeye.

"Kompyuta haijui maji ni nini wala moto ni nini," anasema. "Inachojua ni neno gani linaruhusiwa kukaa na neno gani. Ukiipa ruhusa chache, inakwama. Ukiipa nyingi, inakuletea msitu."

Msitu si utani. Sentensi moja ya maneno ishirini na matatu iliwahi kutoa miti 412, yote halali kwa mujibu wa kanuni. Binadamu aliyeisoma aliona maana moja tu, akapita zake.

Ili mgeni aelewe, ana sentensi yake ya Kiswahili. "Nimekutana na dada wa jirani aliyeolewa juzi," ananong'ona. "Haya, nani kaolewa?"

Dada, mwandishi anajibu.

"Kwa nini isiwe jirani?"

Mama Miti anatabasamu kama mtu aliyeshinda mchezo wa bao.

Hakuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka ishirini na mmoja alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Alikuwa na sauti ya kuvuka uwanja wa mpira. Miaka sita iliyopita akatolewa uvimbe kooni. Uvimbe ulikwenda, na sauti ikaenda nao.

Alijaribu kurudi darasani na kipaza sauti cha kufunga kiunoni. Kilikuwa kinakoroma, na wanafunzi wakawa hodari wa kukiiga kuliko kuiga matamshi. Shule ikamhamishia stoo ya vitabu. Baada ya mihula miwili akaomba kustaafu mapema.

"Nyumba ilikuwa na miaka miwili mibaya," anasema mumewe, fundi wa makochi ambaye karakana yake iko uani. "Alikuwa anasahihisha maandishi kwenye pakiti za sabuni kwa kalamu nyekundu. Nikimletea sabuni nyingine, anaisahihisha na hiyo. Nikajua huyu mtu asipopata kazi, tutashtakiwa na wenye viwanda."

Aliyemtoa nyumbani ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye leo ni mhandisi wa programu na ndiye aliyeunda programu hiyo ya kuchambua. Walikutana kwenye foleni ya benki.

"Nilikuwa na vijana wawili wenye shahada," anasema mhandisi huyo, mama wa watoto wawili ambaye hadi sasa hawezi kumwita mwenzake jina lingine ila Mwalimu. "Kompyuta wanaijua. Ila ukiwauliza kwa nini sentensi hii imesimama na hii imeanguka, wanasema, inasikika vibaya. Mwalimu aliwahi kunishusha alama mbili kwa koma moja, na akaniandikia nusu ukurasa kueleza kwa nini. Sikuwahi kumsahau."

Mama Miti analipwa theluthi mbili hivi ya mshahara wa shuleni. Hapati marupurupu, wala likizo ya mwezi mzima. Halalamiki sana. Anasema mwanafunzi wake wa sasa, kompyuta, hasinzii, haigi mtu, na akikosea hukosea kwa sababu aliambiwa vibaya.

Neno hilo la mwisho lilikuja kumkaba miezi minane iliyopita.

Hospitali moja ilikuwa imeleta mwongozo wa mtambo wa oksijeni, kurasa tisini na nne. Programu iliuchambua kwa chini ya saa moja. Mama Miti akabaki na desturi yake ya kupitia matokeo kwa jicho, sentensi chache hapa na pale, kama mtu anayeonja chumvi. Sentensi ya 618 ilikuwa hatua ya kufuata kabla ya kusafisha chujio. Kwa Kiingereza ilisomeka: "Close the valve on the tank with the red handle."

Programu ilikuwa imeandika: Funga vali ya tangi lenye mpini mwekundu.

Alikuwa ameshaipita. Akarudi. Jicho lilinasa kwenye "lenye".

"Kiingereza hakikusema mpini mwekundu ni wa nani," anaeleza. "Unaweza kuwa wa vali, unaweza kuwa wa tangi. Mwandishi wa mwongozo aliuacha hapo akaenda zake kulala. Kiswahili hakina usingizi huo. Ukisema yenye, ni vali. Ukisema lenye, ni tangi. Ngeli inakulazimisha useme. Na sisi tulikuwa tumesema, bila kujua."

Aliyesema, kwa kweli, alikuwa yeye. Kanuni namba 340, aliyoiandika mwaka wa kwanza, iliagiza kwamba maneno ya namna hiyo yaambatanishwe na nomino iliyo karibu zaidi. Ilikuwa imepunguza makosa ya programu kwa karibu nusu, na aliwahi kuletewa keki ofisini kwa ajili yake.

Alimwita mhandisi, wakaisoma pamoja.

"Kanuni yako imefanya kazi sawasawa, Mwalimu," mhandisi alisema.

"Ndicho kinachonitisha."

Wakafungua michoro ya mwongozo. Ilikuwa nakala ya nakala, nyeusi na nyeupe. Mipini yote ilikuwa myeusi. Wakawaandikia watengenezaji wa mtambo, wakajibiwa na barua pepe ya kiotomatiki iliyowashukuru kwa kuwasiliana. Hiyo ilikuwa Jumatano. Kazi ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa.

Meneja wa ofisi anakumbuka mazungumzo yao, na hayafichi.

"Nilimwambia, Mama, kuna sentensi elfu na zaidi humo, utatushikilia kwa mpini mmoja? Akaniambia hajui mpini ni wa nani. Nikamwambia mpini ni mpini. Akaniangalia vile walimu wanavyokuangalia. Nikaona bora nimpe ruhusa ya siku moja."

Alhamisi asubuhi akaenda hospitalini na daftari lake.

Chumba cha mtambo kiko nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Ndani kuna kelele ya mashine za kuvuta hewa, kelele ambayo mtu mwenye sauti yake yote huishinda kwa shida. Mama Miti alijitambulisha mara mbili. Fundi aliyekuwa zamu aliona midomo ikicheza tu, akadhani amekuja kutafuta wodi, akamwonyesha mlango.

Ndipo akafungua daftari na kuandika kwa herufi kubwa: NIMETUMWA NA MPINI MWEKUNDU.

Fundi alisoma, akamtazama, akasoma tena. Ni mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyefanya kazi katika chumba kile kwa miaka thelathini na mmoja, na anasema hajawahi kupata mgeni wa aina hiyo. Mama Miti akampa karatasi yenye hatua za Kiswahili, akaweka kidole kwenye sentensi ya 618.

Fundi akacheka. Kisha, anasema, kicheko kikamkatikia njiani.

Akamshika mkono akampeleka kwenye tangi dogo, kushoto. Juu ya kifuniko chake kulikuwa na mpini mwekundu wa kuinulia. Tangi hilo lilikuwa na vali moja tu, ya kijivu. Kutoka kwenye vali lilipanda bomba, likapita ukutani, na ukutani mtu alikuwa ameandika kwa rangi majina ya mahali linapokwenda: upasuaji, wazazi, watoto.

Kisha akampeleka kwenye tangi kubwa, kulia. Lilikuwa na vali mbili. Moja ilikuwa na mpini mwekundu, na bomba lake liliishia kwenye chujio.

Mama Miti akaweka kidole kwenye "lenye", akaandika: Y AU L?

Fundi akachukua kalamu, akaizungushia Y duara mara tatu.

"Ukifunga ile ya kijivu," alimpigia kelele sikioni, "kule ndani wanabaki na kilichomo kwenye bomba. Dakika chache. Baada ya hapo ni mitungi ya akiba, na mtu awe karibu wa kuifungua. Kuna watoto kule waliozaliwa kabla ya siku zao. Hawajui kusubiri."

Walitoka nje ili wasikilizane. Mama Miti alimuuliza kama yeye angekosea kwa kufuata karatasi ile.

"Mimi? Hapana," fundi alisema. "Mimi ningecheka nikaendelea na kazi. Lakini mimi naondoka. Anayekuja hatacheka. Atafanya."

Karatasi haikuwa imefika kwa mtu yeyote, na hakuna aliyedhurika. Sentensi ikasahihishwa siku ileile, herufi moja tu ikatoka na nyingine ikaingia. Kwa meneja jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa Mama Miti halikuwa limekwisha. Kanuni ya 340 ilikuwa imepitia miongozo mingine mitatu iliyokwisha kukabidhiwa.

"Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikahesabu," anasema. "Nilihisi kama ninasubiri majibu ya vipimo vyangu mwenyewe."

Kwa wiki tatu alisoma upya kila sentensi iliyopitiwa na kanuni hiyo. Alikuta tisa zenye shaka. Baada ya kupiga simu na kutembelea, mbili zilikuwa na makosa: moja ya mashine ya kufulia, nyingine ya kiyoyozi. Kwa mteja mwenye mashine ya kufulia, wafanyakazi walikuwa wameshaona kosa wakalikata kwa kalamu bila kumwambia mtu. Aliwaandikia wateja wote watatu barua ya kuomba radhi. Meneja alitaka barua iseme "marekebisho madogo." Mama Miti akaandika "kosa."

"Hatukusemeshana siku nne," meneja anakiri. "Siku ya tano mteja mmoja akapiga simu. Nikajua sasa tunafukuzwa. Kumbe alitaka kutupa kazi nyingine. Akasema, nyinyi angalau mnasema."

Kilichofuata kilikuwa kazi ndefu zaidi. Mama Miti na mhandisi waliifanya programu isimame. Pale ambapo miti miwili inalingana nguvu, nacho Kiswahili kinadai jibu moja, haichagui tena. Inaandika swali na kumsubiri mtu.

"Darasani niliwaambia watoto, asiyejua anyooshe mkono," anasema. "Huyu nilikuwa nimemfundisha akisie na apaze sauti."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Mwongozo wa kurasa arobaini ulirudi na maswali 212. Je, maji ndiyo yenye mfuniko? Je, anayechemka ni fundi? Mteja aliurudisha na ujumbe kwamba yeye ananunua majibu, maswali anayo ya kutosha nyumbani.

Basi wakaanza kuipa kompyuta ujuzi mdogo mdogo wa dunia: vali huwa na mpini, maji hayana, tangi linaweza kuwa na mpini, joto haliwezi. Ilichukua miezi mitano. Mwongozo uleule sasa unatoa maswali thelathini na moja. Mama Miti anayajua karibu yote kwa kichwa, na anasema ishirini kati ya hayo hata yeye angeuliza.

Je, kazi hii ina maisha marefu? Mhandisi hajifichi. Kuna mitambo mipya ya kutafsiri, anasema, isiyoandikiwa kanuni hata moja. Inasoma mamilioni ya sentensi na kujifunza kukisia.

"Inakisia vizuri kuliko yetu, huo ni ukweli," anasema. "Meneja anaifikiria. Mimi pia naifikiria. Nilimwuliza Mwalimu anaionaje."

Alimjibuje?

"Aliniuliza swali. Alisema, ikikisia, inakwambia kwamba imekisia?"

Mama Miti mwenyewe hana hasira na mitambo hiyo. Ameijaribu, na anakiri kwamba mara mbili ilimfunza jambo. Anachotaka, anasema, ni kuketi nayo na sentensi ya 618 na nyingine thelathini za aina yake, aone inavyojibu. Ameshaziandaa, na mhandisi amemwahidi wiki moja ya kufanya jaribio hilo.

Lakini siku hizi moyo wake uko kwingine. Jumanne na Alhamisi, baada ya saa tisa, haendi nyumbani moja kwa moja. Anakwenda kwenye kantini ya hospitali, ambako hakuna kelele za mtambo, na anaketi na yule fundi. Fundi anastaafu mwisho wa mwezi. Wanaandika mwongozo wa mtambo ule kwa Kiswahili, bila kutafsiri kitu. Fundi anasema, Mama Miti anaandika.

Sentensi ya kwanza iliwachukua saa nzima.

"Asubuhi unafungua ile ya juu," fundi alisema.

"Ya juu ipi? Ziko tatu."

"Ile niliyoizoea."

"Anayekuja hajaizoea."

Fundi alizungusha kikombe chake mezani, anasimulia Mama Miti. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii sijawahi kuitaja."

Ikabidi waende kwenye mtambo na kopo la rangi. Sasa kila vali ina namba, na fundi anakiri kwamba mbili kati ya hizo alikuwa akizichanganya kichwani, ila mkono ulikuwa unajua. Wamefika sentensi ya 58. Mama Miti anakadiria kitabu kizima kitahitaji 140. Ana mpango wa kuzitumia kama msingi wa kanuni za Kiswahili, faili jipya kabisa, kwa sababu anasema ni sentensi za mtu anayejua anachokisema, na kompyuta haijapata kulishwa nyingi za namna hiyo. Anatumaini fundi mpya atakikuta kitabu kimening'inizwa mlangoni siku yake ya kwanza.

Zimebaki siku kumi na tisa. Je, zikiisha kabla ya kitabu?

"Nitamfuata kwake," ananong'ona, na mwandishi anasogeza kiti mara ya nne. "Nilimwomba anielekeze. Akaandika: nyumba ya pili nyuma ya duka la rangi ya kijani."

Anafungua daftari na kuonyesha ukurasa. Chini ya maelekezo kuna mstari mmoja kwa wino mwekundu: Kijani ni nyumba, ni duka, au ni rangi zinazouzwa? Andika upya.